Mwaka Tuliojifunza Kufutiana

Mama Esperance tulimzika wiki ya nne baada ya kufa kwake, maana huku Stockholm maiti husubiri zamu yake, na sisi watu wa kwetu mpaka leo hatujazoea kukaa msiba muda wote huo bila kaburi. Baada ya mazishi tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kule Jordbro, tukala wali na samaki wa chumvi, na waliotaka kusema walisimama wakasema. Mimi niliombwa mara mbili. Mwalimu Kimani, ambaye siku hizi kichwa chote ni mvi, alinifuata hadi jikoni akaniambia hakuna aliyemjua marehemu kikazi kuliko mimi, niseme hata maneno mawili. Nikamwambia ngoja kwanza nioshe masufuria. Niliosha masufuria yote, nikaosha vikombe, nikaosha na vijiko vilivyokuwa safi tayari, mpaka nikasikia watu wanavaa makoti. Kesho yake asubuhi nilifungua kompyuta, nikaingia kwenye faili letu la zamani la masomo, nikabonyeza pale panapoonyesha kurasa zilivyokuwa kabla ya kufutwa hiki na kile. Nikayakuta maneno yake kwa rangi nyekundu, ya Kimani kwa rangi ya bluu, na yangu kwa kijani. Nikasoma mpaka chai ikapoa. Nilichoshindwa kukisema ukumbini nakiandika hapa, na kinahusu mwaka mmoja tu.

Sitaeleza nilikotoka wala nilivyofika huku. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na minane. Asubuhi nilikuwa nasafisha ndege kwenye uwanja ulio karibu na Märsta, na siku mbili kwa wiki, alasiri, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nchi hii inampa mtoto wa mgeni haki ya kufundishwa lugha ya nyumbani kwao shuleni, ilimradi wanafunzi wapatikane na mwalimu apatikane. Wanafunzi walikuwapo. Mwalimu aliyekuwapo alihama, na mtu mmoja kanisani akataja jina langu kwa sababu nilikuwa nafundisha watoto nyimbo siku za Jumapili. Kwenye fomu sikudanganya. Pale panapoulizwa elimu niliandika darasa la saba na mwaka mmoja wa ushonaji. Aliyenihoji aliisoma, akaniuliza kama napenda watoto, akaniambia nianze Jumanne. Hivyo ofisi ilijua. Ambao hawakujua ni walimu wenzangu, na mimi sikuwaambia. Hakuna aliyeniuliza, nami nikajificha hapo, kwamba sijaulizwa.

Nilifundishia Märsta, katika chumba cha useremala, kwa kuwa masomo yetu huanza wengine wakishamaliza na tunapewa chumba kilichobaki. Kilinuka gundi na mbao. Watoto waliketi kwenye meza za kufanyia kazi, zile zenye jiliwa za kubania mbao, na somo zima walikuwa wakizungusha mikono ya jiliwa, kri kri kri. Vitabu nilivyokuwa navyo viwili vilitoka Dar es Salaam, kimoja hakina jalada. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, Naomi, wa miaka kumi na mmoja, aliyezaliwa hapahapa. Nikimuuliza kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiswidi, kwa adabu kabisa, kila mara. Siku niliposoma nao habari za kupalilia mahindi, Naomi aliinua mkono akaniuliza, kwa Kiswidi, mahindi ni ya nani na kwa nini sisi ndio tunaambiwa tuyapalilie. Nilikwenda nyumbani na swali lile, na nikagundua kwamba nami nilikuwa nawasomea tu kwa sababu ndicho kilichokuwa kwenye kitabu.

Mwezi wa tisa tuliitwa na Birgitta, mama wa makamo aliyesimamia masomo ya Kiswahili kwa manispaa tatu zilizokubaliana kushirikiana. Ndipo tulipokutana walimu watatu kwa mara ya kwanza, ingawa tulikuwa tumefanya kazi moja zaidi ya mwaka, kila mtu kwenye chumba chake. Kimani alitoka Södertälje. Alikuja Sweden kusoma shahada ya pili, akaoa, akabaki. Mama Esperance alitoka Jordbro. Kwao Bukavu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na ungeujua ukuu huo hata kwa alivyoketi, mkoba mapajani na mikono juu ya mkoba. Palikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini, na mshumaa umewashwa mezani mchana, kama wanavyopenda wenyewe. Birgitta alisema taratibu, bila hasira. Wazazi wanalalamika. Mtoto akihama kutoka Jordbro kwenda Södertälje anaanza upya, kama vile Kiswahili ni lugha tatu. Serikali imetoa mwongozo, lakini mwongozo ule ni wa lugha zote, hausemi mtoto wa Kiswahili afundishwe nini wiki hii na nini wiki ijayo. Akasema tukifika mwezi wa nne bila mpango mmoja wa masomo, wa kwetu sote, basi kuanzia vuli, muhula mpya ukianza, vikundi vyetu vitatu vitafungwa, na watoto watasomeshwa kwa skrini na mwalimu wa mbali ambaye hajawahi kuwaona.

Tulitoka nje tukasimama kituoni, treni tatu zinazotupeleka pande tatu. Kimani ndiye aliyesema kwamba tusilie, kuna namna. Tutafungua faili moja kwenye mtandao, kila mtu ataandikia kwake, na wote tutaona kinachoandikwa papo hapo. Mama Esperance alimsikiliza mpaka mwisho.

"Weye mutoto wa Kenya," akamwambia, "unasema mbio kama treni. Mukuje kwangu siku ya mposho, mukule, utafasiria polepole."

Mposho ni Jumamosi kwa watu wa kwao. Basi tukaanza kwenda Jordbro kila Jumamosi asubuhi. Kwangu ilikuwa safari ya zaidi ya saa moja, na kubadili treni katikati ya jiji. Jiko lake lilikuwa dogo, dirisha lake linatazama uwanja wa kuegesha magari na nyuma yake maghala marefu ya viwandani, na kwenye dirisha hilo aliotesha pilipili ndani ya makopo ya mtindi. Meza ilikuwa ya watu wawili, sisi watatu, na kompyuta ya Kimani ni mtu wa nne. Kabla ya lolote tulikula. Alipika sombe, ambayo sisi tunaita kisamvu, na foufou ya muhogo, na Kimani kila Jumamosi alilalamika kwamba foufou inanata, ugali wa Kenya ndio unasimama wima kama mwanamume. Mama Esperance akamjibu kila Jumamosi kwamba mwanamume wa kusimama tu hana faida mezani. Kimani akitaka kufungua kompyuta kabla sahani hazijaondolewa, mama aliifunga kwa kiganja. "Kula. Kompyuta hainaga njaa."

Ujuzi wa kutumia faili lile tuliupata kwa shida, lakini tuliupata. Mama Esperance hakuona vizuri herufi ndogo, kwa hiyo alikuwa akirekodi masomo yake kwa sauti kwenye simu na kututumia. Mimi niliyasikiliza ndani ya treni, saa kumi na moja alfajiri nikienda kwenye ndege, sauti yake masikioni inaeleza jinsi ya kumfundisha mtoto kuhesabu kwa vifungo vya nguo. Baadaye akanunua miwani mipya na kuanza kuandika mwenyewe. Kwenye faili, kila mtu akiwa anaandika, unaona kamstari kake kanapepesa, na jina lake juu. Hapo ndipo palikuwa na tabu yangu. Kimani akiandika, kamstari ka bluu kalikimbia. Kangu kila mtu angekaona kakisimama, kakirudi nyuma, kakifuta neno mara tatu. Niliona kama nimevuliwa nguo. Kwa hiyo niliandika kwanza kwenye daftari, kwa kalamu ya risasi, nikasahihisha, nikanakili tena kwa wino, na ndipo nikaingia kwenye faili kuyamwaga yote kwa mkupuo.

Kosa kubwa tulilifanya wote watatu, na sidhani kama Waswidi wangelifanya. Hakuna aliyethubutu kugusa maneno ya mwenzake. Mama Esperance aliandika somo la salamu. Kimani akalisoma, akaona watoto wa Södertälje wanasalimiana vingine. Angeweza kubadilisha mistari miwili. Lakini ungemfutiaje mama mtu mzima, mwalimu mkuu, tena uliyetoka kula chakula chake? Akaandika kwa bluu: Kwa ruhusa yako Mama, naomba niongezee kidogo hapa chini. Akaongeza somo zima. Nami nikalisoma lake na la mama, nikaandika kwa kijani: Kazi nzuri sana walimu, nami naongezea kidogo hapa chini. Nikaongeza la tatu. Hivyo ndivyo tulivyokwenda vuli yote na baridi yote, tukiombana ruhusa na kusifiana, na faili likawa refu kiasi kwamba kompyuta yangu ilikuwa ikiganda nikilifungua. Tulikuwa tunafurahi. Tulidhani urefu ule ni mafanikio.

Mwezi wa tatu Birgitta aliomba kuona tulipofikia. Kimani alimtafsiria orodha ya yaliyomo. Aliisoma mbele yetu kwa sauti, na kwa Kiswidi ilisikika vibaya zaidi: Salamu. Salamu. Salamu. Chakula. Chakula. Chakula na Vinywaji. Familia Yangu. Familia Yetu. Familia. Alivua miwani, akasema hiyo ni mipango mitatu iliyolazwa kitanda kimoja. Hakucheka. Akatupa wiki tatu, akasema zikiisha atakuja kukaa darasani mwenyewe, atazame somo moja likifundishwa mahali patatu, na hapo ndipo ataamua. Tukapanda treni za kurudi. Kwenye behewa nilijihesabu mimi ndiye niliyewaangusha, kwa kuwa watu wenye elimu wangejua namna ya kupanga mambo. Leo najua nilikosea, kwani wenye elimu ndio walioongezea kurasa nyingi kuliko mimi. Lakini mwaka ule nilikuwa na desturi ya kuchukua lawama hata kabla haijagawiwa.

Jumamosi iliyofuata chakula kilichelewa. Sombe ilikuwa bado jikoni inachemka, na Mama Esperance, kwa mara ya kwanza, alituambia tufungue kompyuta kabla ya kula. Swali lilikuwa moja, nani atakata. Kimani akasema yeye hawezi kumkatia mama, afadhali mama akate. Mama akasema yeye hajui ya Södertälje wala ya Märsta, atakataje asichokijua. Wakazunguka hapo kwa muda, kila mmoja anamsukumia mwenzake kwa heshima, mpaka nikasikia sauti yangu.

"Mimi msinitazame," nikasema. "Mimi nimeishia darasa la saba."

Kimani alitazama meza. Mama Esperance alifuta miwani yake kwa pindo la kitenge, polepole, akaivaa.

"Najua," akasema. "Kamstari kako kanasimama hakana kitu, kisha maneno yote yanaanguka mara moja, safi, bila kosa. Hakuna mutu anaandika vile. Nikajua dada huyu anaandika kwanza kwa karatasi, ana haya." Akageuka kwa Kimani. "Weye na mie tunaandikia mwalimu mwenzetu, aone tumesoma. Huyu anaandikia mutoto. Masomo yake ni mafupi kupita yetu, na batoto bangu banaomba yake. Njo yeye atakata." Kisha akanisukumia kompyuta. "Anza na yangu. Soko la Bukavu."

Somo la soko la Bukavu lilikuwa kurasa tatu nyekundu. Lilikuwa na wanawake wanaouza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na namna wanavyoita wateja, na namna ya kupima unga kwa kikombe, na mama mmoja mnene anayempa kila mtoto ndizi moja. Mara ya kwanza kulisoma nilikuwa ndani ya treni na nikapitiliza kituo. Nilijua kwa nini ameliandika. Akaniuliza kama nimelifundisha Märsta. Nikamwambia ndiyo. Akauliza watoto walifanya nini. Ningeweza kumwambia walipenda. Nikamwambia kwamba wawili walilala na Naomi aliuliza hadithi inaanza lini. Kimani alikohoa. Mama Esperance akacheka, kicheko kifupi cha puani, akainuka akaenda kukoroga sombe akiwa ametupa mgongo.

"Futa," akasema.

Nilishika kurasa zote tatu kwa kidole, zikageuka rangi. Nikabaki hivyo. Sikuwa naogopa mashine. Nilikuwa naogopa mgongo ule. Kisha nikabonyeza, na pale palipokuwa na soko pakawa pa wazi, na somo langu la kijani likapanda juu kujaza nafasi. Nikamwambia, Mama, nimefuta. Akarudi mezani na sahani, akaniambia, "Aksanti. Umenifutia vizuri." Alitumia neno lile kama mtu aliyefutiwa vumbi kwenye nguo. Tangu hapo ikawa ndiyo sheria yetu: mtu hafuti cha kwake, anafutiwa na mwenzake, na mwenyewe awepo, na ashukuru. Ilipofika zamu yangu Kimani alinifutia somo la adabu kwa wakubwa. Nililinakili kutoka kitabu changu kisicho na jalada, na nililipenda kwa sababu lilikuwa na maneno makubwa. Ilinichoma. Nilikwenda chooni nikanawa uso, nikarudi, nikasema asante Mwalimu, umenifutia. Na ilikuwa kweli. Kuanzia siku ile niliacha daftari. Niliingia kwenye faili nikaandika na makosa yangu yote, kamstari kangu kakiyumba mbele ya watu, na Kimani akanirekebisha huku naona, na sikufa.

Baada ya Jumamosi tatu tulikuwa na masomo ishirini, hakuna lililorudiwa. La kwanza halikuwa salamu wala mahindi. Lilikuwa chumba cha kufulia. Anayeishi kwenye ghorofa za huku anajua: nyumba nzima inatumia chumba kimoja chini, kina ubao ukutani, na kila familia ina kufuli yake ndogo ambayo unaichomeka kwenye siku na saa unayotaka. Kufuli yako ikiwa pale, saa ile ni yako. Na kila nyumba ina yule jirani anayeihamisha. Mwanafunzi wangu hajawahi kuona palizi, lakini ameshashuka na mama yake na kapu la nguo akakuta mashine inazungusha nguo za mtu mwingine. Kwenye jambo hilo ana maneno. Wazo lilikuwa langu, Kimani alilichorea ubao, na Mama Esperance akaandika mazungumzo ya majirani wawili, kwa kuwa yeye alikuwa na jirani kama huyo na alimjua vizuri.

Siku ya Birgitta tuliunganisha madarasa matatu kwa skrini, saa ileile, kila darasa likiwa ni ghorofa moja ya nyumba ileile. Birgitta aliketi Jordbro, nyuma ya darasa, na daftari lake. Mimi nilikuwa Märsta na harufu ya gundi. Mwanzo ulikuwa mbaya. Sauti ya Södertälje ilichelewa, watoto wa Kimani walionekana wakifumbua midomo na maneno yakafika baadaye. Watoto wangu wakawa wanazungusha jiliwa. Kimani akaendelea kuonyesha ubao kwa utulivu, ubao mmoja uliotokea kwenye skrini zote tatu na kila darasa likiweza kuugusa, na kila ghorofa ikapewa kufuli zake, na watoto wakaanza kuchagua saa. Nilimwona Mama Esperance kwenye skrini, mikono juu ya mkoba. Alimwambia mvulana wake mmoja kitu sikioni. Mvulana akaenda ubaoni akachukua kufuli ya Märsta, Jumamosi saa nne, akaipeleka Jumatatu, akachomeka yake.

Ilikuwa kufuli ya Naomi. Niliona shingo yake inanyooka. Alisimama, akaisogelea skrini mpaka uso wake ukaijaza, na nikasubiri Kiswidi.

"Wewe umehamisha kufuli yangu," akasema. "Mimi niliandika Jumamosi. Mama yangu anafanya kazi Jumatatu. Rudisha. Wewe ni mwizi wa saa."

"Mie si mwizi," mvulana wa Jordbro akajibu. "Kwetu tuko sita. Kwenu muko babili. Batu babili banafua nini?"

"Hata mtu mmoja anafua. Hata wewe ungefua, nguo zako tunaziona mpaka huku."

Södertälje kukalipuka kicheko, kikachelewa kufika kwetu, na kilipofika watoto wangu wakacheka mara ya pili. Mmoja wa Kimani akaingilia kusuluhisha, akafukuzwa na pande zote. Wakagombana vile dakika nyingi. Katika maneno ya Naomi mawili matatu yalikuwa ya Kiswidi, mengine yote yalikuwa ya mama yake, na lafudhi ni ya mama yake, na ile namna ya kuweka mkono kiunoni pia. Sikujua alikuwa ameyaweka wapi miaka yote hiyo. Mimi nilisimama karibu na mlango sifanyi lolote. Mwalimu aliyekuwa amejiandaa vizuri asingekuwa na la kufanya pia. Kwenye skrini nilimwona Birgitta ameinama kwa Mama Esperance, anamuuliza jambo. Baadaye nilisimuliwa. Aliuliza wanasema nini, na kabla hajajibiwa akasema hapana, usinitafsirie, ugomvi huu naujua, na mimi nilishapigana nao chini kwetu. Akaweka kalamu ndani ya daftari, akalifunga, akaendelea kutazama.

Uamuzi ulikuja mwezi wa sita. Niliusoma kwenye simu, kwenye chumba chetu cha mapumziko kule uwanjani, glavu ya mkono mmoja nimeivua. Vikundi vitatu vitaendelea vuli, walimu walewale, mpango huohuo. Na mpango wetu utawekwa wazi kwa walimu wa Kiswahili nchi nzima, wautumie na wauendeleze. Chini yaliandikwa majina matatu ya waandishi kwa mpangilio wa herufi, na langu, kwa sababu ya herufi yake, lilikuwa la mwisho, lakini lilikuwapo. Nilisoma mara nyingi neno lile, waandishi. Wenzangu wa kazini walidhani nimepata habari ya msiba, kwa kuwa nilikuwa nalia bila sauti, ndivyo nilivyo. Jumamosi ile tulikula nje, nyuma ya jengo la Mama Esperance, jua halina mpango wa kuzama. Kimani alikula foufou bila kulalamika. Mama akamuuliza kama anaumwa.

Nimebaki na siku moja, mwaka ukiwa umeshazunguka. Ilikuwa mwezi wa kumi, mapumziko ya saa tano, nimefungua faili kwenye simu kuangalia somo la alasiri. Nikakuta rangi mpya, ya machungwa, na jina nisilolijua. Alikuwa kwenye somo langu la chumba cha kufulia. Kamstari kake kalikuwa kamesimama mwisho wa aya yangu, hakaendi mbele wala nyuma. Nikasubiri. Kakasogea, kakarudi. Mwishowe pembeni yakatokea maneno, yamejaa adabu: anaitwa Joyce, anafundisha Göteborg, anaomba radhi kwa usumbufu, amependa sana kazi yetu, na kama haitakuwa kosa anaomba aongezee kidogo hapa chini. Nikamwandikia hapohapo, kidole kimoja, na makosa. Nikamwambia asiongeze chini. Afute yangu, aandike yake.

Kisha maneno yangu yakaanza kuondoka, herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka aya yote ikaisha, na rangi ya machungwa ikaingia mahali pale. Aliyoandika yalikuwa mafupi kuliko yangu na yalikuwa bora, mtoto wa miaka saba angeyasoma. Nikampigia simu Mama Esperance. Alikuwa anakula, nilimsikia anatafuna. Nikamwambia kuna mtu Göteborg amenifutia.

"Amekufutia vizuri?"

Nikamwambia vizuri kuliko nilivyoandika.

"Umwambie akuje siku ya mposho, akule."

"Göteborg ni mbali, Mama."

"Treni iko," akasema.

Nilimwandikia Joyce kama nilivyoagizwa, nikavaa glavu, nikarudi kwenye ndege. Jumamosi ya pili yake alikuja, na ilibidi Kimani apande ghorofa ya juu kuazima kiti kwa jirani.